Mutoto wetu alizaliwa na muguu imepinda: vile tuliinyoosha, vile tuliiharibu, vile tulianza tena

Hodi humu ndani, wakuu. Wababa, wamama, na nyinyi vijana munasoma mbio mbio mukiwa kwa kazi ya watu.

Mbele ya yote niwaambie nani walikuwa pale, ju kwetu habari bila watu yake haina kichwa.

Siku ile kwa maternité, nyumba ya kuzalia, tulikuwa hawa. Béatrice, mjukuu wangu, tunamwita Béa, njo mama ya mutoto. Mimi, Koko Albertine (koko ni nyanya ao babu), mama ya mama yake. Mama Véro, mukunga. Mama Losali, mama ya bwana ya Béa, alitoka Barumbu na kitunga ya samaki ya kukauka, harufu ikajaza nyumba nzima. Na inje, kwa mulango, ndugu yangu mudogo Lifoko, amekaa juu ya kiti, ju wanaume hawaingie mule, na ju kusimama sana hawezi.

Bwana ya Béa, Bosenga, hakukuwa. Alikuwa kwa mto na baleinière yake, ile boti kubwa ya mbao yenye moteur. Anauza chumvi na sabuni kule chini, anarudi na samaki.

Mukishika majina haya hamutapotea.

Mi nilisoma mpaka troisième primaire, darasa ya tatu, kwa masista ya Yanonge, bas. Naandika na kidole moja na miwani ya marehemu bwana yangu. Kiswahili yangu ni ya Kisangani, wale wa Dar na Mombasa munisamehe. Lakini bongo, ile uongo, sitawapa. Haya niliona na macho.

Bon.

Mutoto alitoka, alilia vizuri, tukafurahi. Mama Véro akamupangusa, akamugeuza, halafu akanyamaza.

Mutu yenye kuzalisha watoto kila siku, akinyamaza, unasimama.

Muguu ya kulia ilikuwa sawa. Ya kushoto ilikuwa imegeuka ndani. Kisigino iko juu, vidole viko chini, wayo inaangalia muguu mwenzake, kama mutu anataka kuona nini imekwama chini ya kiatu yake.

Mama Losali akakaribia, akaangalia. Akauliza Béa:

"Béa, uliruka wavu?"

Béa alikuwa bado na jasho ya kuzaa kwa uso.

Niwaeleze wale hamukukomalia kwa mto. Kwetu mwanamuke mwenye mimba haruke wavu ya samaki ikiwa imetandikwa chini. Anazunguka. Akiruka, wanasema, kamba inashika mutoto kwa tumbo na inamukunja viungo.

Ile swali mimi naijua. Niliisikia Yanonge siku Lifoko alizaliwa. Nilikuwa mutoto mudogo, walinipa ndoo ya maji nishike, njo maana niliona yote. Ndugu yangu alitoka na muguu ya kulia imepinda vile vile, na mwanamuke moja wa pale akauliza mama yetu: uliruka wavu?

Jina ya ule mwanamuke naikumbuka. Hata jina ya mbwa yake naikumbuka. Lakini hapa siandike. Iko na wajukuu, labda wanasoma.

Mama alijibu, sikuruka. Na alijibu vile maisha yake yote. Watu walishaacha kuuliza, yeye hakuacha kujibu. Unaenda naye shambani, unachuna matembele, katikati ya habari ingine anasimama: "Albertine, mi sikuruka ile wavu." Mpaka kifo.

Lifoko alikomaa na muguu vile. Anakanyagia upande ya inje, mahali mutu mwingine hana hata ngozi ngumu. Kuvua hakuweza, ju kwa pirogue, mutumbwi yetu, unasimama. Akajifunza kuchonga kafi, zile za kupiga maji, ju ni kazi ya kukaa. Kafi yake inajulikana toka Yanonge mpaka Isangi. Mutu hamucheki. Lakini mutu hamungojee pia, wakati watu wanatembea.

Donc siku ile Mama Losali aliuliza, Béa akafungua mudomo kujibu, mi nikajibu mbele yake.

"Hakuruka kitu. Mumupe mutoto titi."

Toka inje Lifoko akaita: "Albertine! Ni nini? Mbona mumenyamaza?"

Nikafunga mutoto kwa kitenge, nikamupeleka kwa mulango. Lifoko akafungua chini ya kitenge, akaangalia.

"Njo hii?"

"Njo hii."

Akashika ile kamuguu na vidole viwili, kama mutu anashika kifaranga. Akaisukuma kidogo. Halafu akasema kitu moja tu:

"Iko laini."

Yeye yake iko ngumu kama kisiki. Hakuwahi kujua kama muguu ya vile inaanza ikiwa laini.

Mama Véro alituambia hii ugonjwa iko na jina, ni pied bot, na iko na dawa, lakini dawa yake haiko ya kunywa. Akatutuma ngambo, ju sisi tunakaa Lubunga na hopitali yenye kazi hiyo iko ngambo ingine ya mto. Akasema, musingojee atembee. Muende wakati bado mudogo.

Hapa nisimame kidogo, ju najua wamama wengi munafanya kama sisi.

Mi ni mutu ya kukanda watoto. Lubunga hapa nimekanda nusu ya watu: kichwa, pua, mabega, na maji ya moto na mafuta ya mawese. Mama Losali naye anakanda. Tukasema, tuanze sisi. Siku za kwanza kila mutu anakanda asubuhi yake. Unasukuma muguu, inakuja kidogo. Unaachilia, inarudi kwake, tak! Kama mulango yenye ressort.

Baadaye kiné wa ile hopitali ya ngambo alinifundisha kitu. Alisema kuna muguu ililala tu vibaya kwa tumbo, ju nafasi ni kidogo. Ile ukiisukuma na kidole inanyooka yote, na itajitengeneza. Na kuna muguu imefungwa na kamba za ndani. Ile haikubali. Ya Exaucé, njo jina mutoto wetu alipewa, ilikuwa imefungwa. Hata ningekanda mpaka mafuta ya Tshopo yote yaishe.

Kiné anaitwa Papa Salumu. Mutu ya Kindu, kule Maniema, muislamu, ndevu kidogo, sauti ya pole pole. Kiné ni yule anatengeneza viungo na mikono. Aliniita "mama mukubwa" toka siku ya kwanza, nikamupenda.

Alishika sikio yangu. Mi nikashangaa, mutu mukubwa ananishika sikio mbele ya watu!

Akasema: "Mama mukubwa, usikie hii. Mifupa ya muguu ya mutoto iko bado kama hii sikio yako. Inapinda, haivunjike. Njo maana tunaanza sasa. Nitavuta pole pole bila kumuumiza, nitafunga na plâtre, ile chokaa inakauka ngumu, ili ikae pale imefika. Wiki ingine tunafungua, navuta tena kidogo. Tunaenda vile mpaka inyooke."

Béa akauliza na sauti ndogo: "Na ilitoka wapi?"

"Inaanza mule tumboni, mutoto akijitengeneza. Ju ya nini, hata wakubwa wetu hawajui yote. Mara zingine inatembea kwa jamaa."

Mama Losali akageuka kwangu mbio: "Kwa jamaa! Basi imetoka kwenu! Kwa Lifoko!"

"Mama," Papa Salumu akasema, "nimesema mara zingine. Sikusema tutafute mwizi."

"Na wavu?"

"Wavu haina mikono ya kukunja muguu."

"Wewe utajua nini ya mto, mutu ya Maniema?"

Papa Salumu akacheka. "Mama, hata Kindu tuko na mto. Ni hii hii. Inaanza kupita kwetu. Maji munakunywa huku, sisi tulishaoga ndani."

Watu wote kwa ile chumba walicheka, hata mama yenye kulia na mutoto yake kando. Mama Losali alikaza uso, lakini niliona bega inatikisika.

Alors tukaanza.

Plâtre inatoka kwa vidole inapanda mpaka paja, goti imekunjwa. Exaucé alikuwa mwepesi, na ile kitu muguuni alikuwa muzito kama jiwe ya kusagia. Kila wiki tunavuka na pirogue, mi nafunga ile muguu na sachet mbili ju ya maji. Mupiga kafi anatuuliza, "Koko, mumebeba nini, simu?"

Kuoga njo ilikuwa shida. Kwetu mutoto anaoga kwa basani kila asubuhi, mikono ya koko. Papa Salumu akakataza. Kitambaa tu. Mi nilivumilia. Mama Losali alivumilia siku kidogo. Halafu siku moja Béa na mimi tulienda soko, tukarudi, tukakuta mutoto anang'aa kama samaki mupya, amepakwa mawese, na plâtre imekuwa bouillie, uji tupu.

Kesho yake Papa Salumu akashika ile muguu, ikamwagika kwa mikono yake. Akatuangalia moja moja.

"Nani amepika plâtre?"

Tukaangalia dari sisi wote.

Kitu ingine alitufundisha, na hii muiandike kwa kichwa: vidole vya mutoto lazima vionekane inje ya plâtre. Kila asubuhi unaviangalia. Vikiwa baridi, vikigeuka rangi, ao vimevimba, ao mutoto analia bila kunyamaza, hamungojee siku ya rendez-vous, ile mulipangiwa. Munavuka siku ile ile.

Muguu ikaanza kugeuka. Wakuu, sijui niwaambie namna gani. Kila wakati plâtre inafunguliwa, Exaucé anatoa muguu mupya. Wayo iliacha kuangalia mwenzake. Ikaangalia mbele. Halafu ikaangalia inje kidogo, njo vile wanataka.

Kisigino tu ilikataa kushuka. Docteur akakata kidogo ile kamba ya nyuma ya kisigino, amemuchoma sindano ya kutosikia. Mi na Béa tulilia inje kama matanga. Ilimaliza mbele mi sijafuta machozi, wakati mutu anamenya ndizi moja ya lituma, ile ya kutwanga. Wakafunga plâtre ya mwisho, hiyo ilikaa zaidi. Ile kamba inajishona yenyewe, ikiwa ndefu zaidi.

Lifoko alivuka siku ya kufungua ya mwisho. Yeye havukake bila sababu, ju kuingia pirogue kwake ni mambo. Walimushika mukono upande huu na huu. Akakaa kwa kiti, akaangalia muguu ya Exaucé imekanyaga meza, sawa sawa. Kurudi aliniambia tu jua iko kali.

Nimerudi. Courant ya umeme ilikatika, simu ikazima. Naendelea.

Wengi wanafikiri pale njo mwisho. Sisi pia.

Papa Salumu akatoa viatu viwili vidogo, vimefungwa juu ya chuma moja, vinaangalia inje kama miguu ya bata. Muguu zote mbili zinaingia, hata ile muzima, ju ile muzima njo inashika mwenzake. Mwanzo mutoto anavaa muchana na usiku. Halafu anavaa wakati ya kulala tu, mpaka awe na miaka mine hivi, ao zaidi kidogo, namna watakuambia.

Akashika mukono ya Béa. "Nusu ya kazi ni ile nimefanya. Nusu ingine iko kwenu, usiku. Muguu haisahau kwao. Ukiiachia nafasi, inarudi."

Tulivumilia ile wakati ya kuvaa muchana na usiku. Kubeba mugongoni haiwezekane, ju miguu ya mutoto yapite wapi? Béa alimubeba mbele, kwa upande, kitenge mbili. Watu ya Lubunga wanamuita mutoto "Commandant", ju ya ile viatu yake. Ilipita.

Halafu Bosenga akasema anataka bibi yake na mutoto waende naye Barumbu. Ilikuwa wakati ya samaki, na wazee wa kule hawajamuona mutoto. Ni haki yake. Exaucé alikuwa anavaa kulala tu. Nikaweka viatu kwa sac, nikamuonyesha Bosenga namna ya kufunga: kisigino ishuke kwanza, halafu lanière, ule mukanda ya katikati, halafu zingine. Akasema, "Koko, nimeona."

Wakaenda. Wakakaa saison nzima ya samaki.

Waliporudi nilishuka kwa port kuwapokea. Exaucé alikuwa amenenepa, ameanza kusimama, ameshika ubao ya baleinière. Nikaangalia uso, nikafurahi. Nikaangalia chini.

Kisigino ilikuwa juu. Vidole vilikuwa vinaangalia mwenzake.

Nikauliza Béa, "Viatu iko wapi?"

Akatafuta kwa sac, akanipa. Vilikuwa safi. Lanière hazikukunjika, ngozi haina hata jasho. Safi kama ya dukani.

Pale nilijua.

Wakuu, nataka muelewe hapa, ju hii njo sababu naandika. Hakuna mutu mubaya kwa hii habari.

Béa alinieleza yote: kwa baleinière wanalala juu ya maji. Wanalala juu ya mizigo, giza, moteur inapiga. Bosenga siku ya kwanza alitaka kumuvalisha, Mama Losali akashika ile chuma, akaipima na mukono, akasema: "Boti ikipinduka, hii inaenda wapi?"

Akajijibu mwenyewe.

"Inaenda chini. Na mutoto amefungwa juu yake."

Mama Losali iko na mutoto moja mto ilichukua. Lituka, mudogo ya Bosenga. Walimutafuta na nyavu. Mi nilimujua Lituka, alikuwa na sauti ya kuimba.

Donc Béa akafungua. Usiku ule, na kesho yake, na kufika Barumbu wakasema hapa ni nchi kavu lakini kesho tunapanda tena boti, tumuache apumzike. Na mutoto alikuwa analala vizuri bila chuma. Na muguu ilikuwa nzuri, wanaiangalia, ni nzuri! Muguu hairudi siku moja. Inarudi kama maji ya mto inapanda, unaona tu asubuhi imefika kwa mulango.

Mi ni mutoto ya Yanonge. Ningekuwa kwa ile boti, sijui kama ningefunga.

Tukakaa nyumbani. Lifoko alikuwa pale kwa uwanja, anachonga. Tulishavuka kumuonyesha Papa Salumu, na alituambia: tunaanza tena na plâtre, haijapotea, bado iko wakati. Lakini viatu vitarudi pia, na musipovaa, muguu itarudi pia, na siku moja itakuwa ngumu na kitabaki kisu ya docteur tu.

Bosenga alikuwa amechoka. Si mutu ya kelele. Akasema: "Koko, mi naishi kwa maji. Bibi na mutoto wakibaki huku miaka yote hii ju ya viatu, hiyo si ndoa. Na mama yangu hatalala na ile chuma kwa boti. Tuache vile iko. Hata Koko Lifoko anaishi."

Kisu ya Lifoko ikasimama.

Béa akaangalia chini. Bosenga mwenyewe alisikia vile ilitoka, akataka kuirudisha, lakini neno iko vile, haina kamba.

Lifoko akaweka kafi chini. "Bosenga, mukwe wangu. Kuya unisimamishe."

Bosenga akamusimamisha.

"Sasa unipeleke kwa pirogue."

Nyumba yetu iko karibu na mto. Tukashuka sisi wote nyuma yao, kama watu wanaenda kubatizwa. Bosenga akamushika mukono, akamuingiza kwa pirogue pole pole, Lifoko akakaa.

"Umeona? Naishi. Toka nizaliwe mutu ananishika mukono kuingia pirogue. Baba, Albertine, watoto ya watu, wewe leo. Mikono yenu ni mizuri, sikatae. Lakini mi ni mutu wa mto, nachonga kafi ya mto yote, na sijawahi kuingia pirogue mwenyewe. Hata siku moja."

Maji ilikuwa inapiga pirogue, poo, poo.

Halafu akageuka kwa Mama Losali. "Mama Losali. Unakataa muguu inyooke, ao unakataa chuma?"

"Chuma," akasema. "Mi nakataa chuma tu. Lituka…" Hakumaliza.

"Bas. Nitoeni humu. Chuma ni kazi kidogo."

Akachukua muti ya kafi, ile nyepesi lakini haivunjike, akachonga fimbo urefu ya ile chuma. Tukavuka nayo. Papa Salumu mbele alikataa. Akasema hii si mambo ya kujaribu-jaribu: urefu lazima iwe sawa na mabega ya mutoto, kila kiatu iko na namna yake ya kugeuka, ikikosea kidogo inaharibu. Akapima, akasema haifai, inakunjika katikati. Lifoko akachukua ingine, nene zaidi. Papa Salumu akapima, akakalia juu yake na uzito yake yote, akapima tena. Akakubali. Muguu iliponyooka tena na plâtre, viatu akaviweka yeye mwenyewe na mikono yake, akaandika siku ya kurudi ili aangalie kama imelegea.

Ninyi munasoma: musichonge kwenu bila kiné wenu. Nasema ju najua wababa.

Nyumbani Mama Losali akaitisha basani. Akajaza maji, akaweka ile muti na viatu vyake juu. Ikaelea. Viatu vinaninginia chini, muti iko juu. Akaisukuma chini na mukono, ikapanda. Akaisukuma tena. Ikapanda tena. Alikaa pale wakati murefu, sisi hatukumuita.

Lakini kurudi kwa Papa Salumu, yeye akamwambia uso kwa uso: "Mama, usikie vizuri. Hii muti haiokoe mutoto kwa maji. Mutoto juu ya maji anaokolewa na mukono yenye kumushika. Mukiweza, mulale nchi kavu. Mukishindwa, mutu mukubwa akae macho kando yake. Muti ni ya kutuliza roho yenu tu."

Mama Losali akasema: "Roho yangu njo ilifungua ile chuma. Basi itulie."

Toka pale yeye njo alimufungia Exaucé viatu, boti ao nyumba. Hakuachia mutu. Unamusikia kwa giza: "Kisigino iko chini? Leta nione. Haiko chini. Fungua." Na Bosenga akaanza kufunga boti kwa kivuko jioni, walale kwa watu. Biashara ilienda pole zaidi. Alilalamika kidogo, akazoea.

Exaucé sasa anasoma. Amemaliza viatu ya usiku. Muguu ya kushoto ni ndogo kidogo kushinda ya kulia, na nyama ya nyuma ni nyembamba, hiyo itabaki, walituambia toka mwanzo. Anakimbia na wenzake kwa vumbi, na ukimuona toka mbali huwezi kujua ni muguu gani.

Na ile muti, alikataa tuitupe. Anachezea.

Hizi siku nilikuwa natwanga ndizi, Lifoko kwa kiti yake, muguu yake ya kulia imenyooshwa mbele. Exaucé akakaa chini pale, akaangalia ile muguu, akauliza:

"Koko, wewe muti yako ya kulala iko wapi?"

"Yangu haikuchongwa."

"Ju ya nini?"

Lifoko akafikiri. "Wenye kuchonga hawakujua. Na mi nilikuwa bado mudogo."

Exaucé akaenda mbio ndani, akarudi na muti yake. Akashika muguu ya Lifoko, ile kisiki, akataka kuiingiza kwa kile kiatu kidogo. Kidole kikubwa tu iliingia. Akafunga lanière juu ya kidole, amekaza ulimi kwa meno, akasema kama Mama Losali: "Kisigino iko chini? Haiko chini!"

Lifoko akamuachia. Hakucheka, hakuvuta muguu. Akaniangalia juu ya kichwa ya mutoto.

"Albertine. Yangu pia ilikuwa laini?"

"Ilikuwa laini. Nilishika ndoo, nilikuona."

"Basi mama hakuruka kitu."

"Hakuruka."

Nikarudia kutwanga, ju ndizi ikipoa haitwangike.

Bas, wakuu. Nilichoelewa ni hii: mutoto akizaliwa na muguu ya vile, musiulize mama yake alifanya nini. Mumupe kitenge, muvuke ngambo. Na mukisharudi na viatu, musifikiri imeisha. Na nyinyi waganga munasoma humu, mutu akifungua viatu, mbele ya kumukaripia mumuulize anaogopa nini. Labda iko na Lituka yake.

Wenye watoto kama Exaucé, muandike hapa chini, munafunga namna gani, munabeba namna gani. Nitasoma yote, pole pole.

Na watu ya Yanonge na Barumbu, kama nimekosea jina ya mutu ao nani alikuwa pale, munisahihishe, mi ni muzee. Mama Losali mwenyewe anasema siku ile ya maternité kitunga ilikuwa ya ndizi, si ya samaki. Labda. Mimi nasikia bado ile harufu.

Sahihisheni yote. Ila ile ya wavu. Pale nilikuwa, na ndoo mukononi.